Ugumu Upi? Chembe za Nano na Tabia za Mpira wa Asili

Katika kozi yetu ya tafsiri huwa tunawapa wanafunzi wa mwaka wa tatu matini moja ya kisayansi kila muhula, ili wasidhani kwamba mfasiri wa Kiswahili hukutana na riwaya na hotuba tu. Muhula uliopita tuliiomba matini hiyo kwa mwenzetu anayefundisha uhandisi. Alitupatia ukurasa mmoja na nusu kuhusu jinsi chembe ndogo sana, zenye ukubwa wa makumi machache ya nanomita, zinavyobadilisha tabia za mpira wa asili zinapochanganywa nao. Wanafunzi walilalamika kidogo, wakafungua kamusi, wakafasiri, nasi tukasahihisha. Kazi iliyotupendeza kuliko zote tuliipa alama 74. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, sentensi zilitiririka, na upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari.

Kisha tukampelekea mwenzetu yule tafsiri hiyo. Yeye ni mzaliwa wa pwani ya Kenya na lugha anaijua barabara. Aliirudisha siku ya pili ikiwa na alama nyekundu kila aya. "Walimu wangu," alituambia, "katika matini yangu mna maneno manne yenye maana nne. Ninyi mmeyaita yote ugumu." Tulipoangalia tukaona ni kweli. Mahali pamoja tafsiri ilisema kuwa mpira uliochanganywa "uliongezeka ugumu na ugumu wake", jambo ambalo halina maana yoyote. Mahali pengine ilisema "ugumu wa kukatika ulipungua", ilhali matini chanzi ilisema kwamba mpira ulirefuka kidogo zaidi kabla ya kukatika, na kwamba nguvu iliyohitajika kuukata haikupungua hata kidogo. Fundi ambaye angesoma tafsiri yetu ili achague mpira wa kuzibia pampu angechagua usiofaa. Kosa halikuwa la mwanafunzi peke yake. Sisi tulisahihisha sarufi, tukaiacha maada yenyewe ipite.

Makala haya yametokana na kurudi kwetu shuleni. Tulikaa na mwenzetu huyo jioni kadhaa, tukavuta mipira, tukauliza maswali ya kitoto. Tunaeleza hapa tulichokielewa, kwa kuwa tunaamini kwamba istilahi nzuri huzaliwa na kuielewa maada kwanza.

Mpira wenyewe

Neno "mpira" limebeba mizigo mingi: hutupwa golini, humwagilia bustani, na huuzwa madukani kwa ajili ya kinga. Hapa tunamaanisha ile maada inayotokana na utomvu wa mti uitwao kitaalamu Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni bonde la Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zake zipatazo 70,000 hadi bustani ya Kew, London, na miche iliyoota ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Asia. Hata sasa Thailand na Indonesia ndizo zinazoongoza kwa uzalishaji. (Mpira uliotolewa kwa damu katika Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, ulitoka zaidi kwenye mimea itambaayo ya msituni ya jamii ya Landolphia. Mmea ni mwingine, lakini molekuli ni ileile.)

Utomvu ukigemwa huwa mweupe kama maziwa, na karibu theluthi moja yake ndiyo mpira. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Ukitiwa asidi huganda. Molekuli ya mpira ni mnyororo mrefu wenye maelfu ya vipande vinavyojirudia, nao umejiviringa ovyo kama uzi uliochezewa na paka. Ukiuvuta mpira, nyuzi hizo hunyooka. Ukiuachia, hujiviringa tena. Mpira mbichi una matatizo yake: joto likizidi hulegea na kunata, baridi ikizidi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupasha moto pamoja na salfa, minyororo hufungwa pamoja hapa na pale kwa vidaraja vya salfa. Tangu hapo mpira ukivutwa hurudi mahali pake.

Sasa tufike kwenye sifa ya pekee ya mpira wa asili, ambayo bila kuijua mfasiri atapotoka. Mpira huu ukivutwa mara kadhaa ya urefu wake, minyororo hujipanga sambamba na baadhi yake hugeuka kuwa fuwele ndogo. J. R. Katz alilionyesha hilo kwa miali ya eksirei mwaka 1925. Fuwele hizo hutokea hasa pale ambapo mvuto ni mkali zaidi, kwa mfano kwenye ncha ya ufa unaoanza, na hapo huuzuia ufa usiendelee. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili darasani. Chukua ule mpira mwembamba wa kufungia noti, uuguse mdomoni, uuvute kwa ghafla: utahisi joto. Ushikilie ukiwa umevutwa kwa muda kidogo kisha uuachie: utahisi ubaridi. Sehemu ya joto hilo hutokana na fuwele zinazoundwa.

Kwa sababu hiyo mpira wa asili uliotiwa salfa tu, bila kuchanganywa na chembe yoyote, huweza kustahimili megapaskali 20 na zaidi kabla ya kukatika. Megapaskali 1 ni takriban uzito wa gramu 100 ulioning'inizwa kwenye milimita mraba moja. Hivyo ukanda wenye unene wa milimita mraba moja utabeba zaidi ya kilo 2. Mpira wa kiwandani wa stirini na butadieni, ambao haujengi fuwele unapovutwa, ukiwa mtupu hukatika kwenye megapaskali 2 au 3 tu. Kwa mpira huo wa kiwandani, chembe za kuongezea ni uhai wenyewe: huupandisha hadi megapaskali 20 na ushei. Kwa mpira wa asili, chembe zina kazi nyingine. Maelezo mengi mepesi huteleza hapa. Yanasema "chembe za nano huufanya mpira kuwa imara mara nyingi zaidi" bila kueleza ni mpira upi wala ni uimara gani.

Kijazio

Chembe hizo tumeziita vijazio, kutokana na kitenzi jaza. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "kijalizo", lakini wanasintaksia wamekwisha kulichukua neno hilo nasi hatutaki ugomvi nao. Jina linabeba historia. Wenye viwanda walianza kutia unga wa chokaa na udongo katika mpira ili kupunguza gharama, kama baadhi ya wauza maziwa wanavyozidisha maji. Baadaye wakagundua kwamba baadhi ya vijazio vilifanya zaidi ya kujaza.

Kijazio maarufu kuliko vyote ni ule unga mweusi unaoyapa matairi rangi yake. Mwaka 1904, katika kiwanda cha mpira cha Silvertown, London, S. C. Mote aligundua kwamba unga huo huuongezea mpira uwezo mkubwa. Kabla ya hapo matairi yalikuwa meupe au ya kijivu. Leo karibu robo ya uzito wa tairi la kawaida ni unga huo. Tuuiteje? Kuna waliofasiri "kaboni nyeusi", nasi hatuipendi tafsiri hiyo, kwani grafiti nayo ni kaboni na ni nyeusi. Sisi tunaona "masizi ya kaboni" yafaa zaidi, maana unga huo hutengenezwa kwa kuchoma mafuta mazito katika hewa isiyotosha, kama masizi ya jikoni yanavyotokea. Tahadhari moja tu: masizi ya sufuria yana majivu na lami, hivyo yasikwanguliwe na kupelekwa kiwandani.

Punje za masizi yanayotumika katika matairi huwa na kipenyo cha nanomita 20 hadi 50 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa maneno mengine, "nano" ilikuwa ikikimbia barabarani miongo mingi kabla ya neno lenyewe kuingia katika vichwa vya makala.

Kipimo cha kijazio nacho kilituponza. Wahandisi huandika "sehemu 50 kwa sehemu 100 za mpira", na wanafunzi wanane waliandika "asilimia 50". Ukichanganya kilo 50 za masizi na kilo 100 za mpira, mchanganyiko ni kilo 150, kwa hiyo masizi ni theluthi moja, nayo hupungua kidogo ukihesabu salfa na viungo vingine. Kosa la hesabu limejificha ndani ya kosa la lugha.

Udogo una kazi gani?

Kuna fomula ya zamani, iliyotokana na kazi ya Einstein kuhusu vimiminika vyenye chembe na kuendelezwa na Guth na Gold, inayokadiria jinsi mpira unavyokuwa mzito kuvutika unapotiwa chembe ngumu. Chukua kiasi cha ujazo kinachokaliwa na chembe. Kizidishe kwa 2.5; kisha chukua mraba wake uzidishe kwa 14.1, jumlisha vyote na 1. Chembe zikikaa sehemu moja ya tano ya ujazo wote, jibu ni 2.06, yaani mpira huwa mzito kuvutika mara mbili hivi.

Tazama fomula hiyo isichouliza. Haiulizi ukubwa wa chembe. Kwa hesabu hiyo changarawe na nano ni mamoja. Lakini maabara haikubali: unga wa chokaa wenye punje za maikromita kumi na zaidi huufanya mpira uwe mzito kuvutika na papo hapo huufanya ukatike upesi, ilhali masizi yenye punje ndogo huufanya uwe mzito kuvutika kupita makadirio, na usikatike upesi.

Jibu limo katika uso wa chembe. Chukua mchemraba wa sentimita 1. Eneo la nyuso zake sita ni sentimita mraba 6, nawe unaweza kulifunika kwa stempu moja au mbili. Ukate uwe vichemraba vya maikromita 1: jumla ya nyuso zake huwa mita mraba 6, kama sakafu ya chumba kidogo. Endelea hadi vichemraba vya nanomita 10, nazo nyuso hufikia mita mraba 600. Maada ni ileile na uzito ni uleule, ila mahali pa kushikana na mpira pameongezeka mara milioni. Gramu moja ya masizi ya aina inayotumika sana katika matairi ina uso wa takriban mita mraba 80.

Kwenye uso huo minyororo ya mpira hunasa. Hata ukiutia mpira mbichi uliochanganywa na masizi katika kiyeyushi kinachoyeyusha mpira mtupu, sehemu fulani haitoki, imeng'ang'ania punje. Punje kubwa, kwa upande mwingine, ina uso mdogo kwa uzito wake. Mpira ukivutwa hubanduka nayo, pakabaki uwazi, na uwazi huo ndio mwanzo wa ufa.

Kinachopanda na kinachoshuka

Tulifika sasa kwenye yale maneno manne. Mwenzetu alitukatia vipande viwili vya mpira wa asili, kimoja kitupu chenye rangi ya asali, kingine cheusi chenye sehemu 50 za masizi, akatuambia tuvichezee.

Kidole kikibonyeza, kipande cheupe huzama na cheusi hukataa. Uwezo wa kukataa kubonyezwa ndio ugumu, na neno hili tumeliacha hapa tu. Kwenye kipimo cha Shore A, ambacho ncha yake huchomekwa juu ya mpira, cheupe huwa karibu 40 na cheusi zaidi ya 60.

Tulipovivuta, cheusi kilihitaji nguvu kubwa zaidi ili kufikia urefu uleule. Tabia hii tumeiita ukakamavu, kutokana na kakamaa. Wapo watakaosema ukakamavu ni wa askari. Sawa, lakini askari mkakamavu naye hapindiki kwa urahisi. Mkazo unaohitajika kuurefusha mpira kwa asilimia 300 waweza kupanda kutoka megapaskali 2 hivi hadi zaidi ya 10. (Wanafonolojia wavumilie: "mkazo" hapa si wa silabi ya pili kutoka mwisho, ni nguvu kwa eneo.) Hapa ndipo kijazio cha nano kinapotamba zaidi katika mpira wa asili.

Halafu kuna nguvu inayotakiwa kuukata kabisa kwa kuuvuta, ambayo tumeiita uimara wa kuvutwa. Katika mpira wa asili hupanda kidogo tu, kwa mfano kutoka megapaskali ishirini na kitu hadi karibu 30, na mara nyingine haipandi kabisa. Fuwele zilikwisha kuifanya kazi hiyo kabla ya masizi kufika. Kijazio kikizidi mno uimara huu hushuka.

La nne ni ushupavu, yaani jumla ya kazi inayohitajika kuuharibu mpira, ukichanganya nguvu na umbali uliovutwa. Hapa mambo huvutana. Mpira mtupu waweza kurefuka zaidi ya asilimia 700 kabla ya kukatika. Wenye masizi sehemu 50 huishia mara nyingi kwenye 400 au 500. Hivyo nguvu imepanda na umbali umepungua. Mtu akikuambia "umekuwa imara zaidi", muulize amepima lipi.

Zaidi ya hayo manne, ukinzani wa kuchanika na ukinzani wa kulika kwa msuguano huongezeka sana, na kwa mwenye gari hayo mawili ndiyo yenye thamani kuliko yote. Tairi la mpira mtupu lingekwisha upesi barabarani hata kama lisingekatika kamwe.

Gharama yake ni joto. Punje za masizi hushikana zenyewe kwa zenyewe zikajenga utando ndani ya mpira. Kila mpira unapotikiswa, utando huo huvunjika na kujijenga upya, na kila mara nishati kidogo hupotea kama joto. Ndiyo maana ukakamavu wa mpira wenye kijazio hushuka unapotikiswa kwa kiwango kinachozidi, jambo linaloitwa kwa jina la A. R. Payne aliyelichunguza katika miaka ya 1960. Aliyewahi kutengeneza manati analijua jambo la jirani na hilo: ukanda mpya wa tyubu huwa mzito katika mvuto wa kwanza, na kuanzia wa pili huwa umelegea. Hilo limepewa jina la Leonard Mullins.

Madonge

Usifikiri basi kwamba kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo mpira unavyokuwa bora. Anayepika uji anajua: unga laini ndio unaoshikana madonge upesi. Chembe za nano huvutana kwa nguvu, na zikiachwa hujikusanya. Donge la maikromita kumi lililoundwa na punje za nanomita 20 hufanya kazi kama punje ya maikromita kumi, yaani huanzisha ufa. Nyuso zote zile mita mraba 600 zimefungiwa ndani, mpira hauzioni.

Silika ni mfano mzuri. Uso wake hupenda maji, na mpira hupenda mafuta, kwa hiyo hawasikilizani. Ilibidi wakemia watafute mshenga: molekuli ya jamii ya sileni, ambayo upande mmoja hushika silika na upande wa pili hushika mpira. Mwaka 1992 Michelin walileta sokoni matairi ya magari madogo yenye silika, ambayo hupoteza nishati kidogo zaidi yanapoviringika. Mpira wa mkanyago wake ni wa kiwandani zaidi kuliko wa asili.

Udongo wa montmoriloniti nao ni kurasa nyembambanyembamba zilizopangwa kama kitabu, kila ukurasa unene wa nanomita 1 hivi. Kitabu kikibaki kimefungwa, umetia udongo tu. Kurasa zikitenganishwa na mpira ukapenya katikati, sehemu 5 au 10 kwa 100 hutosha kuongeza ukakamavu kwa kiwango ambacho masizi huhitaji sehemu nyingi zaidi, na hewa nayo hupata shida kupita. Kwa hiyo sentensi "tulitumia udongo wa nano" haijaeleza chochote mpaka iseme kama kitabu kilifunguliwa.

Alama 74

Tulimwita yule mwanafunzi tukamweleza yote haya. Alama yake hatukuipunguza, kwa sababu aliandika alichofundishwa, na waliomfundisha ni sisi. Tulimwomba aifasiri upya matini. Sentensi iliyotuponza sasa inasomeka hivi: "Mpira wenye kijazio ulikuwa mkakamavu zaidi na mgumu zaidi, ulikinza kuchanika vizuri zaidi, na uimara wake wa kuvutwa ulibaki karibu palepale, hata hivyo, ulikatika ukiwa umerefuka kidogo zaidi." Mhandisi alisoma, akatia sahihi yake chini, akauliza kama tunaweza kumfasiria na ukurasa wa pili.

Katika ukurasa huo wa pili mna istilahi moja ambayo bado imetushinda: ile nishati inayopotea kila mpira unapovutwa na kuachiwa, kwa kuwa njia ya kurudi si ileile ya kwenda. "Upotevu wa joto" haitoshi, maana chai kikombeni nayo hupoteza joto. Mwanafunzi mmoja amependekeza "ubaki-nyuma", mwingine "kichelewa". Msomaji mwenye neno bora, au anayejua linalotumika katika lugha jirani zetu, alilete idarani kabla ya mwisho wa muhula, nasi tutalichapa katika toleo lijalo pamoja na hoja zake.